Jina la Asiyekula Nyama: Historia ya Ulaji-Mboga Uingereza na Funzo Lake kwa Kiswahili

Utangulizi

Mtu aketipo sinia moja na wenziwe akaiacha nyama, hapana budi aulizwe sababu. Kiswahili kina maneno ya kumjibia. Huenda nyama hiyo kwake ni haramu, kwa kuwa dini imeikataza. Huenda ni mwiko, kwa kuwa ukoo wake haumli mnyama yule. Huenda ni mzio, neno ambalo kwa asili latumika kwa chakula alichokatazwa mtu kwa sababu ya afya yake au desturi, na ambalo siku hizi hutumiwa na madaktari kwa hali ya mwili kukikataa kitu. Huenda pia ni kinyaa tu. Maneno haya manne yana jambo moja la pamoja, nalo ni kwamba sababu ya kukataa haitoki katika hiari ya mlaji. Yatoka kwa Mungu, kwa wahenga, kwa mganga, au kwa tumbo lenyewe. Kwa hiyo mwenyeji hana la kulaumu, na mgeni hana la kutahayari. Maneno hayo huwakinga wote wawili.

Tatizo huzuka pale mtu anapokataa kwa kuwa amefikiri akaamua mwenyewe kwamba si haki kumwua mnyama ili aliwe. Mtu huyo hana mkatazaji wa kumtaja. Kukataa kwake ni hukumu, hata akinyamaza. Kwani likiwa si haki kwake kula, wale wanaokula mbele yake watajiona wanashtakiwa. Ndiyo maana jina la mtu wa namna hii si jambo dogo. Jina laweza kuificha hukumu ile, au laweza kuifichua.

Makala haya yanachunguza jinsi Kiingereza kilivyolitafuta jina hilo tangu karne ya 17 hadi siku zetu. Uingereza imechaguliwa kwa sababu mapambano juu ya jina yalifanyika hadharani, katika mikutano, magazeti na mahakama, hata hatua zake zaweza kufuatwa moja moja. Itaonyeshwa kwamba jina lilianza kwa kuwa la mtu, likawa la chakula, kisha likawa la itikadi, na kwamba mtazamo wa jamii ulibadilika pamoja na mabadiliko hayo. Mwishoni itaulizwa Kiswahili chaweza kujifunza nini.

Jina la mtu: wafuasi wa Pythagoras

Kabla ya miaka ya 1840 Mwingereza asiyekula nyama aliitwa mfuasi wa Pythagoras, na chakula chake kiliitwa chakula cha Pythagoras. Pythagoras alikuwa Mgiriki wa kisiwa cha Samos aliyeishi katika karne ya 6 K.K. na kufundisha mjini Croton, kusini mwa Italia. Hakuacha maandishi yoyote. Aliyemfanya ajulikane kwa jambo hili ni mshairi wa Kirumi Ovid, ambaye katika kitabu cha 15 cha Metamorphoses alimpa hotuba ndefu ya kulaani ulaji wa nyama. Waingereza waliosoma Kilatini shuleni waliijua hotuba hiyo. Jina hilo basi lilikuwa la wasomi, nalo liliipeleka hoja mbali, katika zama za kale, ambako haikuweza kumwudhi mtu.

Chini ya jina hilo moja walikusanywa watu wa nia mbalimbali. Thomas Tryon, aliyezaliwa mwaka 1634 na kufa mwaka 1703, alichunga kondoo utotoni, akajifunza kusoma akiwa kijana, akawa mtengenezaji na mwuzaji wa kofia. Kitabu chake The Way to Health kilitoka mwaka 1683. Katika miaka ya 1660 alikuwa ameishi Barbados na kuyaona mashamba ya miwa. Mwaka 1684 akatoa kitabu cha kulaani ukatili waliotendewa watumwa Waafrika huko. Kwa Tryon ukatili ulikuwa mmoja, atendewe mtu au mnyama.

Daktari George Cheyne wa mji wa Bath alikuwa na sababu nyingine kabisa. Alikuwa amenenepa hata uzito wake ukapita kilo 200, akajiponya kwa maziwa na mboga, kisha akawashauri wagonjwa wake wafanye vivyo hivyo. Kitabu chake The English Malady kilichapishwa mwaka 1733. Cheyne hakuwashtaki walaji nyama. Kwa maneno ya Kiswahili, alichofundisha kilikuwa mzio, na kwa sababu hiyo matajiri walimsikiliza bila ya kuona vibaya.

Kitabu cha Tryon kilifika hata Marekani, mikononi mwa Benjamin Franklin, aliyekuwa kijana wa miaka 16 akijifunza uchapaji mjini Boston. Franklin aliacha nyama, na fedha alizookoa akanunulia vitabu. Baadaye, katika safari ya baharini, wenziwe walivua samaki wengi na kuwakaanga. Franklin aliona samaki wadogo wakitolewa matumboni mwa wakubwa, akajisemea kwamba ikiwa wao hulana, naye haoni kwa nini asiwale. Akala. Katika tawasifu yake alilisimulia tukio hilo kwa kujicheka mwenyewe, akikiri kwamba akili ya binadamu hupata sababu ya kila analolitamani.

Mwaka 1802 Joseph Ritson, mkusanyaji wa nyimbo na ngano za kale, alichapisha kitabu kilicholiita jambo hili wajibu wa kimaadili. Hapo ucheshi ulikoma. Ritson aliyapenda Mapinduzi ya Ufaransa, na Uingereza ilikuwa imetoka vitani na Ufaransa na ilikuwa karibu kuvirudia. Wahakiki walimshambulia kwa ukali. Itakumbukwa kwamba nyama ya ng'ombe ilikuwa imekwisha kuwa alama ya taifa: wimbo wa kuisifu ulitungwa na Henry Fielding mwaka 1731, na mwaka 1748 William Hogarth alichora picha ya Wafaransa wenye njaa wakiitazama kwa uchu nyama ya Kiingereza ikishushwa Calais. Aliyeikataa nyama hiyo kwa ushauri wa daktari alihurumiwa. Aliyeikataa kwa hoja ya haki alionekana anaikataa nchi.

Jina la chakula: Ramsgate, 1847

Mwaka 1809 mchungaji William Cowherd alianzisha kanisa mjini Salford, karibu na Manchester, lililowataka waumini waache nyama na pombe. Waumini wake waliitwa Wakristo wa Biblia. Mwaka 1817 kundi lao moja likiongozwa na William Metcalfe lilihamia Philadelphia. Waliobaki Salford walikuwa na watu wa nguvu miongoni mwao. Martha Brotherton alitunga kitabu cha upishi usio na nyama mwaka 1812, na mumewe Joseph Brotherton akawa mbunge wa Salford mwaka 1832. Upande wa kusini, huko Ham karibu na London, ilifunguliwa mwaka 1838 shule iliyoitwa Alcott House, ambamo nyama haikuliwa. Makundi haya mawili, la dini na la elimu, ndiyo yaliyokutana mjini Ramsgate tarehe 30 Septemba 1847. Brotherton alikuwa mwenyekiti wa mkutano huo, James Simpson akachaguliwa kuwa rais, na chama kikazaliwa.

Jina lililochukuliwa lilikuwa "vegetarian", neno lililokwisha kuanza kutumika katika miaka ya mwanzo ya 1840. Muundo wake wastahili kuangaliwa. Shina lake latokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mboga au mmea, na kiambishi chake cha mwisho, "-arian", ni kile kilichotumiwa kuyaita madhehebu, kama vile Unitarian na Sabbatarian. Kwa hiyo neno lenyewe lilibeba mambo mawili yasiyopatana vizuri: lilitaja kilichomo sahanini, na papo hapo lilinukia dhehebu. Faida yake ilikuwa kwamba halikumshtaki mtu. Hasara yake ilikuwa kwamba lilidhihakiwa kwa urahisi. Jarida la vichekesho la Punch halikuwaacha wanachama hao salama, kwani neno lilimfanya msikiaji afikirie kabichi na turnipu badala ya kufikiria hoja.

Wanachama wenyewe waliliona tatizo hilo, na inavutia kwamba waliojaribu kulitatua walikuwa wataalamu wawili wa Kilatini. Francis Newman, aliyekuwa profesa wa Kilatini katika University College ya London, alikuwa rais wa chama tangu mwaka 1873. Hakulipenda jina hilo, kwa kuwa wengi wa wanachama walikula mayai na kunywa maziwa, vitu ambavyo si mboga. Alipendekeza neno lililoundwa kwa Kigiriki lenye maana ya mpinga ulaji-nyama, "anti-creophagite". Usahihi wake haukuwa na dosari, lakini halikutamkika mezani, nalo lilifufua hukumu ambayo neno la zamani liliificha. Halikushika.

John Mayor, profesa wa Kilatini wa Cambridge, aliyekuwa rais tangu mwaka 1884 hadi alipokufa mwaka 1910, alishika njia nyingine. Hakutaka kulibadili neno bali kulifasiri upya. Katika zama zake ilienezwa hoja kwamba "vegetarian" latokana na neno la Kilatini "vegetus", yaani mwenye uhai na nguvu. Wanaisimu hawaikubali asili hiyo, kwani ushahidi waonyesha kwamba waliounda neno walikuwa wakifikiria mimea. Hata hivyo dai lenyewe ni ushahidi wa jambo jingine. Kikundi kikidhihakiwa kwa jina lake, na jina lisiweze kutupwa, njia iliyobaki ni kulitafutia nasaba bora.

Jambo la kitabaka halina budi kuongezwa hapa. Chama kiliundwa wakati wa njaa kubwa ya Ireland, iliyoanza mwaka 1845 viazi vilipoharibika. Katika miaka hiyo vibarua wengi wa Uingereza nao waliishi kwa mkate na viazi, na nyama ilikuwa chakula cha nadra. Hawakuitwa "vegetarian", wala hakuna aliyeona haja ya kuwapa jina. Ukosefu hauhitaji jina; hiari ndiyo ihitajiyo. Ndiyo maana maskini alimtilia shaka bwana aliyemwambia kwamba nyama si lazima, akidhani anatafutiwa sababu ya kupunguziwa mshahara. Mwaka 1882 meli Dunedin ilifika London na shehena ya nyama ya kondoo iliyogandishwa kutoka New Zealand, na biashara hiyo ilipokua bei zilishuka. Ikawa kwamba mfanyakazi alianza kuipata nyama kwa wingi wakati ule ule ambapo baadhi ya wasomi walikuwa wakimwomba aiache.

Kutoka mwiko hadi hiari: kijana wa Gujarat

Mwaka 1888 Mohandas Gandhi, kijana wa miaka 19 hivi, aliwasili London kusoma sheria. Kisa chake chastahili nafasi hapa kwa kuwa chaonyesha waziwazi tofauti kati ya kukatazwa na kukataa. Tena Gujarat alikotoka ndiko walikotoka pia wengi wa Wahindi waliohamia Zanzibar, Mombasa na Nairobi.

Nyumbani kwao nyama ilikuwa mwiko. Akiwa mwanafunzi aliwahi kuila kwa siri pamoja na rafiki yake, kwa kuwa vijana wa wakati wake waliamini kwamba Waingereza waliwatawala Wahindi kwa nguvu walizozipata katika nyama. Yaani hata mtawaliwa alikuwa ameisadiki ile picha ya Hogarth. Kabla ya kusafiri alimwapia mama yake kwamba hatagusa nyama, pombe wala wanawake. London alishikilia kiapo chake huku akiona njaa, na marafiki walimcheka. Wakati huo yeye mwenyewe alitamani kwamba siku moja Wahindi wote wale nyama. Kiapo tu ndicho kilichomzuia.

Hali hiyo ilibadilika alipougundua mkahawa wa wala-mboga katika Farringdon Street na kununua humo kitabu kidogo cha Henry Salt kilichotoka mwaka 1886. Salt alikuwa mwalimu aliyeiacha kazi yake katika shule ya Eton. Gandhi alieleza baadaye kwamba tangu alipokisoma kitabu hicho alikuwa asiyekula nyama kwa kuchagua. Sahani yake haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni neno. Alijiunga na kamati ya chama cha London, na mwaka 1891 aliandika makala katika gazeti la The Vegetarian. Mwaka 1931, aliporudi London kwa mazungumzo ya kisiasa, alikihutubia chama hicho, Salt akiwapo, akasema kwamba anayeacha nyama kwa ajili ya afya peke yake hadumu, kwani msingi wa kudumu ni wa maadili.

Jina la itikadi: Novemba 1944

Hukumu iliyofichwa na neno "vegetarian" ilifichuka ndani ya chama chenyewe. Ng'ombe hatoi maziwa bila ya kuzaa, na ndama dume wa ng'ombe wa maziwa kwa kawaida huchinjwa. Je, aliyekataa nyama kwa sababu ya haki aweza kunywa maziwa? Swali hilo liliulizwa mara nyingi, na wengi walilikwepa. Mwaka 1944 wanachama kadhaa waliomba wapewe nafasi katika gazeti la chama kwa ajili ya wasiotumia maziwa. Walikataliwa. Hapana ajabu: wala-mboga, waliozoea kuwahukumu wengine kimyakimya, sasa walihukumiwa wao, nao hawakupenda.

Aliyewaongoza waliokataliwa alikuwa Donald Watson, mwalimu wa useremala aliyekuwa na miaka 34. Alikuwa ameacha nyama akiwa na miaka 14, baada ya kuona nguruwe akichinjwa katika shamba la mjomba wake, na wakati wa vita alikataa kupigana kwa sababu za dhamiri. Mnamo Novemba 1944 watu 6 walikutana London wakaunda chama kipya. Toleo la kwanza la gazeti lao dogo lilikuwa na wasomaji 25 waliojiandikisha.

Kazi ya kwanza ilikuwa jina. Yalipendekezwa "dairyban", "vitan", "benevore" na mengineyo. La kwanza lilitaja kilichokatazwa, la tatu lilijisifu wema. Lililochaguliwa ni "vegan", lililoundwa kwa kuchukua herufi tatu za kwanza na mbili za mwisho za "vegetarian". Watson alieleza kwamba lina mwanzo na mwisho wa neno lile, kwa maana kwamba safari iliyoanzwa na wala-mboga huishia hapo. Kwa upande wa isimu, hili ni jina la namna nyingine kabisa. Lilipozaliwa halikutaja mtu, wala chakula, wala katazo. Lilikuwa chombo kitupu, nalo likasubiri kujazwa. Hapa chini wafuasi wake wataitwa Wavegani.

Kujazwa kwake kulichukua miaka. Leslie Cross alionyesha mwaka 1949 kwamba chama hakikuwa na fasili, na mwaka 1951 ikakubaliwa fasili isiyotaja chakula hata kidogo: uvegani ni itikadi kwamba mwanadamu yampasa aishi bila ya kuwanyonya wanyama. Ngozi, sufu na asali viliingia humo pamoja na maziwa. Fasili inayotumiwa na chama hicho leo huongeza kwamba mtu atende hivyo kadiri iwezekanavyo, na nyongeza hiyo yaonyesha busara iliyopatikana kwa taabu.

Taabu yenyewe haikuwa ndogo. Nyama ilikuwa imeanza kugawiwa kwa kadi Machi 1940, na mgawo wa vyakula haukwisha hadi Julai 1954. Wala-mboga waliosalimisha kadi zao za nyama waliongezewa jibini. Nafuu hiyo haikumfaa asiyekula jibini. Tena katika siku za mwanzo baadhi ya Wavegani walidhoofika bila ya kujua sababu. Vitamini B12, ambayo haipatikani kwa kutegemewa katika mimea, ilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, na ni baada ya hapo tu ilipowezekana kueleza udhaifu huo na kuuzuia kwa vidonge au vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo. Waliowapinga kwa hoja ya afya hawakuwa wajinga, na Wavegani waliojali ukweli walilazimika kulikubali hilo.

Mbele ya sheria

Jina lililotaja itikadi ndilo lililoweza kuingia mahakamani. Mwaka 1993 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilitoa uamuzi juu ya ombi la mfungwa mmoja wa Uingereza aliyekataa kufanya kazi katika kiwanda cha uchapaji cha gereza kwa sababu za uvegani. Ombi lenyewe lilikataliwa, lakini tume ilikubali kwamba imani ya Mvegani yaweza kuingia katika uhuru wa dhamiri. Januari 2020 baraza la kazi mjini Norwich liliamua kwamba uvegani wa kimaadili ni imani ya kifalsafa inayolindwa na Sheria ya Usawa ya mwaka 2010. Uamuzi wa baraza la ngazi hiyo haulazimishi mahakama nyingine. Hata hivyo ulionyesha mpaka: kinacholindwa ni imani inayoongoza maisha, wala si orodha ya vyakula. Aliyeacha nyama kwa ajili ya kiuno chake hakuingia humo. Mfuasi wa Cheyne, aliyeheshimiwa sana mwaka 1733, angelikosa ulinzi ambao mfuasi wa Ritson, aliyetukanwa mwaka 1802, angeupata.

Sheria, lakini, haiingii jikoni. Mwajiri aweza kuzuiwa asimbague Mvegani. Mama mkwe hawezi kuzuiwa asinune. Hukumu ile iliyomo katika kukataa kwa hiari yabaki pale pale, na kejeli zinazowaandama Wavegani hata sasa ni namna ya kuijibu.

Funzo kwa Kiswahili

Swali hili si geni Afrika ya Mashariki. Wahindi wa Kijaini wa Kenya, hasa jamii ya Oshwal, huepuka nyama kwa dini. Waadventista Wasabato, waliofika Gendia karibu na Kendu Bay mwaka 1906, hukataza baadhi ya nyama kwa mujibu wa Maandiko na huisifu meza isiyo na nyama kwa ajili ya afya. Tena githeri ya mahindi na maharagwe imelisha vizazi bila ya kipande cha nyama, na hakuna aliyeihesabu kuwa itikadi. Wote hao wametoshelezwa na maneno yaliyotajwa mwanzoni, au hawakuhitaji neno. Anayekuja sasa ni kijana asemaye kwamba ameacha nyama kwa kuwa ameona si haki, naye hutafutiwa jina.

Jina linalotolewa mara kwa mara ni "mla mboga". Lina kasoro mbili. Kwanza, katika sehemu nyingi za bara "mboga" ni chochote kinacholiwa kwa ugali. Mtu huuliza leo mboga ni nini, akajibiwa ni nyama, wala hakuna anayecheka. Mboga basi si kinyume cha nyama. Pili, muundo wa "mla" mara nyingi una harufu ya lawama: mla riba, mla rushwa, mla watu. Mithali nazo zathibitisha: mla mbuzi hulipa ng'ombe, mla kwa miwili hana mwisho mwema, hata mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. "Mlaji mboga" hupunguza ukali huo, lakini kasoro ya kwanza yabaki. "Asiyekula nyama" ni wazi zaidi, ila humwita mtu kwa upungufu wake, kama alivyofanya Newman.

Si kila mahali Kiswahili kina upungufu. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba vinywaji vya mimea visiuzwe kwa jina la maziwa, isipokuwa vichache vilivyozoeleka, kikiwamo kile cha nazi. Msemaji wa Kiswahili hangeliona haja ya kesi hiyo kwa nazi. Tui ni tui, na maziwa ni maziwa, na wali wa nazi na kunde haukuwahi kujiona kuwa badala ya kitu kingine.

Ama kwa kitendo chenyewe cha kukataa, lugha ina neno la tano ambalo halikutajwa katika utangulizi, nalo ni kususa. Kususa ni kukataa kwa hiari, kwa sababu ya jambo lililomwudhi mtu, chakula kikiwapo na njaa ikiwapo. Hutumiwa kwa mtoto aliyekasirika, na hapo halina heshima. Lakini tawi lake, kususia, limekwisha kupanda cheo: watu hususia uchaguzi, hususia mkutano, hususia bidhaa za mnyonyaji, na hakuna awaitaye watoto. Asusiaye nyama hasemi kwamba amekatazwa, wala kwamba ataugua, wala kwamba inamchefua. Asema kwamba ana neno juu ya namna ilivyopatikana. Maana hii ikaribiana sana na fasili ya mwaka 1951.

Neno hilo halifichi kitu, na hiyo ndiyo gharama yake. Mithali husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mbuzi huchinjwa kwa heshima ya mgeni, na jamaa nzima hufaidi. Mgeni asusiaye nyama hiyo hakuikataa nyama peke yake. Wengi wa walio katika hali hiyo watapendelea kusema kwamba wana mzio, na mwenyeji atawaletea maharagwe kwa moyo mkunjufu.

Hitimisho

Historia iliyoelezwa yaonyesha kwamba Waingereza walipitia majina mawili kabla ya kulifikia lile lililotaja wanachokiamini. Jina la Pythagoras liliwapa heshima ya makumbusho. Jina la mboga liliwapa kejeli na mikahawa. Jina lisilo na maana yoyote, lililobuniwa na watu wachache wakati wa vita, ndilo lililojazwa imani na kufikishwa mbele ya sheria. Hakuna kati ya majina hayo lililoondoa ugumu wa kuketi meza moja na watu unaowapenda huku ukikataa wanachokula.

Waundaji wa istilahi za Kiswahili watakapolishughulikia jambo hili, haitawatosha kutafsiri neno la Kiingereza, kwani neno hilo ni zao la ugomvi wa Waingereza wenyewe. Itawapasa waamue kwanza kama wanatafuta jina la chakula, ambalo "mboga" haiwezi kulibeba, au jina la msimamo, ambalo "kususia" yaweza kulibeba kwa gharama iliyotajwa. Wasemaji nao watakuwa na lao la kusema, na kwa kawaida lao ndilo la mwisho.